Niliwauliza watu ishirini shida yao, wengi wakasema pesa

Swali limetoka kwa msomaji wa Langoni, Lamu. Nalifupisha. Amesoma diploma ya hoteli, na aliachishwa kazi nyumba ya wageni aliyokuwa akifanyia ilipofunga msimu wa mvua. Amebaki na shilingi 60,000, nusu akiba yake na nusu zamu yake ya chama. Kila anayemwomba ushauri humwambia afungue kibanda cha M-Pesa au auze madera. Kisha akasikia kwamba mtu asiye na wazo la biashara anaweza kulipata kwa kuwahoji watu kuhusu matatizo yao. Akachukua daftari, akazunguka kutoka Mkomani hadi Wiyoni, akawauliza watu ishirini: “Shida yako kubwa ni nini?” Kumi na wanne walisema pesa. Watatu walisema kazi hakuna. Mmoja alisema maji, mmoja alisema vijana na dawa za kulevya, na mzee mmoja akamjibu, “Shida yangu ni nyinyi mnaokuja na madaftari.” Sasa anauliza: njia hii haifai kwa watu wa Lamu, au ni yeye asiyejua kuuliza?

Dadangu, njia inafaa, na Lamu inafaa. Kilichokuangusha ni swali lenyewe. Na katika majibu yote uliyokusanya, la yule mzee ndilo lenye faida zaidi, kwa hiyo nianze naye.

Watu wa visiwa hivyo wamehojiwa mno. Hodi ikipigwa na mtu mwenye daftari, huwa ni mradi, au ni mwanafunzi wa chuo na utafiti wake, au ni habari ya bandari. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani kwa sababu ya bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa serikali wa bandari na barabara, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fidia huenda na orodha: nani mvuvi, huvua wapi, kwa chombo gani. Mtu aliyeishi katika hali hiyo, ukimjia na kalamu mkononi na kumwuliza shida zake, hawezi kudhani kwamba unatafuta kitu cha kumwuzia. Atadhani kuna majina yanaandikwa. Basi atakupa jibu linalofaa kuandikwa: pesa, maji, kazi. Hajakudanganya. Amekujibu kulingana na alivyokuona.

Kisha kuna sitara. Mwulize mtu wa hapo u hali gani, atasema njema, alhamdulillahi, hata kama jiko halijawashwa tangu jana. Mambo ya ndani hayaanikwi mbele ya mtoto wa jirani. Anayetaja dhiki zake huonekana anaomba, na asiyeomba hataki kuonekana hivyo. Swali lako lilimpa mtu njia mbili: ajivunjie heshima, au akupe neno moja kubwa lisilomgusa yeye hasa. “Pesa” ni jibu zuri kwa kazi hiyo kwa sababu halina aibu. Hata matajiri husema hawana.

Na hata kama angetaka kukufungulia moyo, asingeweza. Kero ikishazoeleka mtu huacha kuiona. Msimamizi wa nyumba ya wageni anayeshuka gatini mara tatu kuulizia mzigo mmoja uliotoka Mombasa hahesabu hiyo kuwa shida. Kwake ni sehemu ya kazi, kama kufagia ua. Ukimwuliza shida zake atakutajia serikali.

Kwa hiyo liondoe neno shida mdomoni mwako kabisa. Uliza habari ya jambo lililokwisha kutokea: mara ya mwisho ulipolifanya jambo hili, ilikuwaje? Ulianza wapi, ulimpigia nani, ulilipa ngapi, ilipokwama ulifanyaje? Mtu yeyote anaweza kusimulia habari ya juzi bila kujivunjia heshima, na ndani ya masimulizi hayo mna kila kitu unachokitafuta.

Nikuonyeshe. Wewe ni mwanamke, na hiyo ni nafasi ambayo kijana wa kiume mwenye diploma kama yako hana. Yeye ataishia barazani au kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni. Wewe utakaribishwa hadi ndani, na huko ndiko zinakoamuliwa pesa za chakula, za nguo na za harusi. Tuchukue harusi, maana umesomea kuhudumia watu. Tuseme unamjua mama aliyeoza binti mwezi uliopita. Umemwendea baada ya alasiri, amekaa anachambua mchele. Ukimwuliza harusi ilikuwa na shida gani, utaambiwa haikuwa na shida yoyote, watu wamekula wakashiba, na hapo mazungumzo yamekwisha. Jaribu hivi:

— Shikamoo mama. Hongera ya harusi. Nasikia watu walijaa.

— Marahaba mwanangu. Walijaa, alhamdulillahi.

— Vyombo vya watu wote hao mlivipata wapi?

— Masinia nalitwaa kwa dadangu, na mengine kwa jirani. Sufuria kubwa zilitoka Mokowe.

— Zilivukaje?

— Kijana wangu alizifuata na mashua. Alikwenda mara mbili, mara ya kwanza mwenyewe hakuwapo.

— Na kurudisha?

— (Anacheka.) Usinambie habari ya kurudisha. Masinia mawili ya dadangu hayajaonekana mpaka yeo. Moja nimelilipa. La pili namwambia lipo, lipo.

— Ulilipa ngapi?

— Elfu moja na mia mbili. Na lenyewe si zuri kama lile lake.

— Vyombo aliosha nani?

— Sisi wenyewe, mpaka saa nane za usiku. Wale wasichana waliokuja kusaidia wamevaa, wana hina mikononi. Utamwambia nani akwangue sufuria?

Hesabu ulichopata hapo. Nauli ya mashua kwenda Mokowe, upande wa bara, na kurudi mara mbili, na kijana aliyepoteza siku. Shilingi 1,200 zilizotoka kweli mfukoni. Usiku mmoja wa kina mama waliochoka. Na mama mtu mzima anamzungusha dadake wa damu kwa sababu ya sinia. Neno shida halikutajwa hata mara moja, na hakuna mtu aliyefedheheka.

Lakini usikimbilie kusema, “Nimepata! Nitakodisha vyombo vya harusi.” Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mama alicheka ulipogusa kurudisha. Alipotaja sufuria za Mokowe hakucheka wala hakulalamika. Sauti ya mtu ikibadilika, akicheka, akisonya, akishusha sauti, kaa hapo hapo. Mwulize, “Na harusi ya yule mkubwa ilikuwaje?” Ukiambiwa hata safari ile sinia lilipotea, basi ni jambo linalojirudia. Mwulize tena, kwa utaratibu, kwa nini hakukodi kila kitu mahali pamoja. Huenda akakwambia: “Nikodi masinia, nina dada wanne? Watu watasema nini?”

Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko akiba yako yote, kwa sababu lingekuzuia usiitupe. Kuazimana vyombo ni udugu. Anayeazima anaonyesha kwamba ana watu. Ukija na masinia yako ya kukodi unashindana na dada wanne, na hutawashinda hata ukiwa na bei rahisi. Lakini kuosha, kuhesabu na kumrudishia kila mtu chake asubuhi ya pili, hiyo hakuna dada anayeigombania. Pengine biashara iko huko, ya wasichana wanne na makaro mawili ya kuoshea vyombo na kalamu ya kuandikia majina chini ya masinia. Pengine haiko. Nakuonyesha jinsi wazo linavyogeuka ndani ya mazungumzo, mpaka linatoka tofauti kabisa na lile ambalo ungelipata umekaa chumbani.

Sasa kuna swali moja ambalo litakujia mdomoni kila mara, na nakukataza usiliulize: “Je, kukiwa na mtu wa kuwaoshea vyombo, mtamchukua?” Mama atakwambia, “Kwa nini tusimchukue mwanangu, inshallah.” Utarudi nyumbani na furaha. Ipo inshallah ya nia, na ipo ile ya kumuaga mgeni kwa adabu, na wewe uliyezaliwa hapo unazijua zote mbili. Lakini ukishalipenda wazo lako masikio huziba. Watu wa pwani hawatamvunja moyo binti aliyekuja kwa heshima. Watakusifu, watakuombea dua, na siku ukifungua hutawaona. Kosa si lao. Umewauliza kuhusu kesho, na kesho kila mtu ni mkarimu. Kwa hiyo kaa kwenye jana. Na wazo lako usilitaje kabisa katika mazungumzo haya ya mwanzo. Ukishalitaja, mwenzako ataacha kusimulia na kuanza kukupa moyo.

Zipo shida ambazo watu watakutajia upesi bila haya, na hizo uziangalie kwa jicho la pili. Nenda kwa wavuvi, uwe Wiyoni au Kizingitini, wataanza na barafu: hakuna barafu, samaki wanaharibika. Ni kweli. Mtu mwenye shilingi 60,000 akisikia hivyo mara tano atakimbilia kununua friza. Ngoja kwanza. Mwulize mmoja habari ya safari yake ya mwisho baharini. Ulipata nini? Ulimwuzia nani? Kwa bei gani, na aliyeitaja bei ni nani? Kwa nini yeye na si mwingine? Mara nyingi utafika kwa tajiri aliyemkopesha nyavu, mashine au mafuta, na sharti la mkopo ni kwamba samaki wote wanakwenda kwake kwa bei anayoisema yeye. Mvuvi huyu hata umpe barafu ya bure, samaki wake akikaa mbichi siku mbili zaidi bado mwenye bei ni yule yule. Barafu yako ataisifu, ila hana sababu ya kuilipia.

Je, yupo anayeilipia? Huenda ni tajiri mwenyewe, ambaye hukufikiria kumhoji kwa sababu ulimwona ndiye adui katika hadithi. Huenda ni mama karanga, yaani mkaanga samaki, anayenunua ndoo moja asubuhi, akakaanga nusu, na nusu ya pili inamtia wasiwasi ifikapo jioni. Huyo ana hasara ya kila siku anayoihesabu kwa shilingi. Fuata mnyororo mpaka umfikie mtu ambaye samaki akioza, ni yeye anayelia.

Hapo nataka uchukue kitu kimoja ambacho ni kigumu kukifuata: tafuta mahali ambapo mtu amekwisha kujitengenezea dawa yake mwenyewe, hata kama ni dawa mbovu. Aliyelalamika tu hajakuonyesha chochote. Aliyetia viraka, aliyelipa mtu, aliyeazima, aliyebuni njia ya panya, amekuonyesha kwamba jambo linamuuma kiasi cha kutoa pesa au usingizi wake.

M-Pesa ilipatikana hivyo, na hadithi yake haisimuliwi vya kutosha. Majaribio ya mwaka 2005 hayakuwa ya kutuma pesa nyumbani. Yalikuwa ya kuwawezesha watu waliochukua mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Wahusika wakaitumia huduma walivyotaka wao: wakatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, wengine wakaweka pesa kabla ya safari ili wakazitoe waendako. Katika nchi kadhaa za Afrika watu walikuwa tayari wakitumiana salio la simu badala ya noti. Waliokuwa wakiendesha majaribio wangeweza kusema wateja wamekosea. Walitazama, wakabadilisha, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa. Ungewauliza watu wa mwaka 2005 “shida yenu kubwa ni nini”, wangekwambia pesa, kama watu wako kumi na wanne. Ambacho wasingekwambia ni kwamba walikuwa wakimpa dereva wa basi bahasha ya kumpelekea mama kijijini na kulala wakiomba dua ifike.

Turudi kwa yule msimamizi wa nyumba ya wageni, kwa kuwa huko umefanya kazi na kesho ungeanza naye. Mabasi ya Mombasa yanaishia Mokowe. Mzigo unapakuliwa, unatiwa kwenye boti, unafika gatini, halafu ni hamali au punda mpaka mlangoni, na kama nyumba iko Shela bado kuna boti nyingine au matembezi ya ufuoni. Kila mkono unaoupokea mzigo ni mahali pa kuvunjika, kuchelewa au kusahaulika. Utapata visa vizuri vya bomba lililofika bila viungo vyake, na mayai yaliyofika yakiwa tayari kukorogwa. Lakini uliza pia anayelipa ni nani. Nyumba nyingi za Shela wenyewe hawaishi hapo. Wako Nairobi, wako Ulaya. Anayeumia ni msimamizi, anayelipa ni mwenye nyumba ambaye hata hajui kama siku tatu zimepotea kwa ajili ya pampu. Msimamizi atakukumbatia. Mwenye nyumba atauliza kwa nini alipie kazi ambayo msimamizi anaifanya kwa mshahara. Shida inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado mfuko wa kuilipia uko kwenye koti la mtu mwingine. Katika kila mazungumzo hakikisha umejua pesa ilitoka kwa nani, na nani alipaswa kukubali kabla haijatoka.

Zipo pia kero ambazo zinamhusu kila mtu na hazina mfuko popote. Taka za plastiki ni mojawapo. Zimejaa ufuoni kiasi kwamba mafundi wa Lamu waliunda dau zima kwa plastiki iliyotumika, Flipflopi, lililozinduliwa 2018 na kusafiri mpaka Zanzibar 2019. Kazi ya ajabu na ya kujivunia. Lakini mwulize jirani yako mara ya mwisho alitoa shilingi ngapi ili taka ziondoke mlangoni kwake, usikie. Anayetaka kuishi kwa kazi hiyo itabidi awahoji wenye hoteli na wafadhili, si majirani, na hayo ni mazungumzo ya namna nyingine.

Nitaje misimu, maana mtu wa Nairobi akikufundisha mambo haya hatakutajia. Ukihoji wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, bahari imetulia, wageni wapo, harusi zipo, kila mtu ana habari ya kazi nyingi na mikono michache. Ukihoji wakati wa kusi, Juni au Julai, bahari imechafuka, mashua ndogo haziendi mbali, baadhi ya hoteli zimefunga au ndiyo kwanza zinafungua, na watu wale wale watakueleza maisha mengine kabisa. Ramadhani nayo hubadili matumizi ya kila nyumba, na kila mwaka huingia mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo mtu anapokwambia “mwaka juzi Ramadhani tuliuza sana”, angalia iliangukia msimu gani. Kila unayemhoji mwulize, “Na wakati wa kusi huwaje?” Biashara inayoishi miezi minne si mbaya, mradi ujue mapema kwamba ni ya miezi minne.

Kuhusu idadi: ishirini wako walikuwa wengi na bado walikuwa wachache, kwa sababu walikuwa watu ishirini wa aina ishirini. Mwalimu, mvuvi, mwanafunzi, mama wa maandazi. Hata kila mmoja angekusimulia kwa kirefu, usingeweza kulinganisha. Chagua kundi moja dogo ambalo limefanya jambo lile lile hivi karibuni: kina mama walioozesha mwaka huu, au wasimamizi wa nyumba za Shela, au mama karanga. Ongea na watano. Kama visa havifanani hata kidogo, badilisha kundi au badilisha jambo unaloliulizia. Kama vinaanza kufanana, ongeza watano wengine. Wakati unapoweza kumalizia sentensi ya mtu kabla hajaimaliza, umeshafika, na kwa kawaida hapahitaji watu mia.

Ndugu zako wa karibu usiwahesabu. Shangazi atasema ndiyo kwa kila utakalotaja, na kaka atasema hapana. Wafanyabiashara wenzako watakupa nasaha badala ya visa. Waliolitenda jambo juzi ndio unaowataka.

Daftari liache nyumbani. Ukitoka, tafuta mahali ukae, ujirekodi kwa simu kila unachokumbuka, kwa maneno ya mwenyewe kadiri uwezavyo. Andika “namwambia lipo, lipo”, usiandike “changamoto ya urejeshaji wa vyombo”, kwa maana ukishaandika hivyo umelipoteza sinia na umempoteza dada. Kama ni lazima umrekodi mtu mwenyewe, mwombe ruhusa, na akisitasita acha. Visa vya ndani ya nyumba za watu visitoke kwako kwenda nyumba ya pili. Mji ni mdogo, na ukivujisha kimoja milango yote itafungwa.

Chagua saa. Mvuvi mfuate anaposhona nyavu, si anaposhusha samaki. Mwenye duka la vyakula mwache mpaka watu wapungue. Ijumaa kabla ya sala usimghasi mtu. Usimlipe mtu ili azungumze, maana utarudi kwenye yale majibu ya mradi. Nunua anachouza. Mahamri mawili na kikombe cha chai kwa mama muuza chai ni ada tosha, na ukila taratibu utakaa nusu saa bila mtu kukuuliza umekuja kutafuta nini. Akikuuliza, mwambie ukweli: natafuta kazi ya kujiajiri, na kabla sijaanza nataka kujua watu wanafanyaje. Ni ukweli usio na aibu, na watu wazima hupenda kumfundisha kijana aliyekuja kujifunza.

Ukishaliona jambo linajirudia, ndipo unaporuhusiwa kutaja wazo lako, na unalitaja pamoja na bei. Rudi kwa mama ambaye ana harusi ya pili mwezi ujao. Mwambie: nitakuja na wasichana wanne, tutaosha, tutahesabu, asubuhi kila mwenye chombo atakipata mlangoni kwake, kinachopotea mikononi mwetu tunalipa sisi. Ni kiasi fulani. Nahitaji arbuni, yaani malipo ya kutangulia, ya shilingi 500 ili niwashike wale wasichana siku hiyo. Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa kupunguza bei. Akitoa 500, hata kwa M-Pesa wiki ijayo, umepata jibu ambalo maneno ya watu hamsini hayawezi kukupa. Akisema inshallah, usimsukume. Mwulize safari hii ataosha nani, na usikilize vizuri sababu zake, maana bado anakufundisha. Watatu wakitoa arbuni, fanya kazi hizo tatu kwa vyombo vya kuazima na mikono ya kukodi kabla hujanunua hata karo moja. Leseni ya kaunti utaifuata ukishajua kuna kazi ya kuiombea leseni.

Zile 60,000 zisiguswe mpaka hapo. Gharama yako kwa sasa ni nauli ya mashua, chai na muda, na muda unao.

Kibanda cha M-Pesa sikukatazi, ila hata hicho kihoji. Waulize mawakala watatu wa Langoni siku yao ya jana ilikwendaje, walikosa pesa taslimu saa ngapi, walimrudisha mteja yupi na kwa nini. Nadhani baada ya wa pili utakuwa umejua kama unataka kuwa wa nne.

Anza na walioozesha au na wasimamizi wa Shela, usichanganye. Ukimaliza watano wa kwanza niandikie tena, na uniletee maneno yao kama walivyoyasema. Na yule mzee wa madaftari, mrudie bila daftari. Mwulize mara ya mwisho walipokuja watu wa kuandika, ilikuwaje.